Maji ya Mlimani Hayachapwi

Nilimtuma chumvi saa kumi alasiri. Saa moja usiku nikapigiwa simu kutoka Mombo.

Kutoka nyumbani kwetu hadi dukani ni mwendo wa dakika 10. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 hivi, karibu zote kona, upande huu ukuta wa mlima, upande ule korongo. Mwanangu, wakati huo ana miaka 8, alikuwa amedandia lori la kabichi lililopunguza mwendo konani. Hakupanga safari. Lori lilipita, akajikuta ananing'inia nyuma yake, na lilipochanganya mwendo hakuweza tena kushuka. Ndivyo alivyonieleza usiku ule, nami sikumwamini hata neno moja.

Aliyepiga simu ni mama muuza machungwa wa pale stendi. "Dada, kuna mtoto hapa anasema wewe ndiye mama yake. Namba yako kaitaja kichwani, hakukosea hata moja." Tarakimu 10 za simu alizihifadhi. Chumvi, neno moja tu, ilimtoka. Dereva mmoja rafiki wa mume wangu alimrudisha saa nne usiku, na sarafu ya shilingi 500 alikuwa bado ameifumbata.

Nilimpiga mpaka mkono ukaniuma. Asubuhi yake nilimtuma maji. Akatoka na ndoo huku anaimba. Baada ya nusu saa niliikuta ndoo imelala njiani, yeye yuko juu ya mplamu wa jirani, anachungulia kiota.

Nitamwita Hemedi. Jina lake halisi ni mali yake. Mimi ni mkulima wa karoti na kabichi katika kijiji kilicho juu ya mji wa Lushoto, na ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Ukatibu nautaja kwa sababu ndio ulioniokoa: nimezoea kuandika kila kitu daftarini, na bila daftari nisingejua ninaishi na nini.

Asiyefunzwa na mamaye

Mtoto akiumwa homa, majirani huja na pole. Mtoto akiwa mtukutu, huja na methali. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu," waliniambia msibani, harusini, kisimani. Wifi yangu alisema nilimdekeza kwa kuwa ni wa kwanza. Shangazi alisema ana mashetani, nikatoa mbuzi na kuku wawili kwa mganga aliyemchanja chale. Mtoto alitulia siku mbili, kwa sababu chale zilikuwa zinamwasha. Watoto wenzake walimwambia wa kwenda Lutindi.

Kwa asiyetoka kwetu, Lutindi ni hospitali ya magonjwa ya akili iliyo juu ya milima hii hii, upande wa Korogwe. Wamisionari wa Kijerumani walipaanzisha mwaka 1896 pawe makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 pakaanza kupokea wagonjwa wa akili, kabla ya hospitali nyingine yoyote ya aina hiyo katika Afrika Mashariki. Ni mahali pa heshima, lakini midomoni mwa watoto jina hilo limegeuka tusi. Hemedi alirudi siku hiyo akaniuliza, "Mama, kwani mimi ni kichaa?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia ale.

Ndipo nikaanza kuandika. Si alichokosea tu, bali saa, mahali, na kilichotangulia. Baada ya mwezi mmoja niliona jambo ambalo hasira ilikuwa imenificha. Hemedi hakuwa mtoto wa kukataa. Karibu kila alipotumwa alikubali, akaondoka mbio, na karibu kila mara kitu kingine kilimchukua njiani: kinyonga, mpira wa wenzake, kelele za msumeno. Nikimpa agizo moja alilifanya mara nyingi. Nikimpa matatu kwa mpigo, hakufika hata la pili. Na alipovunja kitu hakukimbia. Alisimama anakitazama, kama anayeshangaa nani kavunja.

Maswali ya daktari

Daftari lile nililibeba hadi hospitali kubwa mjini. Kwanza walimpima masikio na macho, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri naye huonekana mkaidi. Wakauliza kama aliwahi kupata degedege au malaria ya kupanda kichwani, kama analala vizuri, kama nyumbani kuna ugomvi au msiba uliomgusa. Kisha daktari akatupa karatasi mbili za maswali, moja yetu na moja ya mwalimu wake, akasema turudi.

Hali aliyoishuku daktari haina kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoithibitisha. Daktari huitambua kwa kusikiliza na kulinganisha. Hutafuta dalili za makundi mawili. Kundi la kwanza ni la umakini: mtoto hamalizi anachoanza, hupoteza vitu, husahau ya kila siku, huonekana hasikii hata akisemeshwa usoni. La pili ni la kutotulia na kutojizuia: miguu haikai, anapanda kila kinachopandika, anajibu swali kabla halijaisha, hawezi kungoja zamu. Mwongozo wa Marekani uliotolewa mwaka 2013, ambao madaktari wengi duniani huutumia, unataka dalili zisizopungua 6 kati ya 9 za kundi mojawapo, ziwe zimedumu miezi 6, ziwe zilianza kabla ya miaka 12, na zionekane mahali zaidi ya pamoja. Sharti hilo la mwisho lina maana kubwa. Mtoto anayesumbua shuleni tu, huenda shida iko shuleni. Anayesumbua nyumbani tu, tuitazame nyumba.

Madaktari huiandika kwa herufi nne, ADHD. Kwa Kiswahili huitwa upungufu wa umakini pamoja na utukutu uliozidi. Si ugonjwa wa jana. Mwaka 1902 daktari George Still wa London aliwaeleza madaktari wenzake habari za watoto wenye akili ya kawaida walioshindwa kabisa kujizuia, hata pale walipoadhibiwa vikali. Hukadiriwa kwamba duniani kote watoto kama 5 katika kila 100 wanayo. Kwa hesabu hiyo, darasa la watoto 80 lina wanne.

Siku tuliyorudi, daktari alipokuwa akisoma maswali, mume wangu alijibu matatu, akasimama, akaenda dirishani kuangalia gari lililokuwa linarudi nyuma, akarudi, akajikwaa kwenye kiti. Mume wangu ni dereva wa Canter, hupeleka mboga Dar es Salaam. Barabarani hajawahi kupoteza mzigo. Nyumbani hajawahi kujua funguo ziko wapi. Shule aliacha darasa la tano, na harusini hajapata kukaa mpaka mawaidha yakaisha. Daktari aliponyanyua macho, alimwangalia yeye, si mtoto.

"Baba, na wewe ulipokuwa mdogo?"

Mume wangu alicheka, kisha akanyamaza. Njia nzima ya kurudi hakusema neno, na yeye si mtu wa kunyamaza. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Mimi baba yangu alinifunga kamba mguuni."

Hali hii hurithiwa kuliko watu wanavyodhani. Uchunguzi wa mapacha unaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti kati ya mtu na mtu katika jambo hili, asilimia 70 hadi 80, inatokana na urithi. Kuzaliwa njiti au na uzito mdogo sana huongeza uwezekano. Sukari haileti. Malezi ya mama hayaleti. Niliposikia hilo la mwisho nililia mbele ya daktari, na sikuona aibu.

Mbona kwenye gari anatulia?

Wazee wetu walikuwa na swali moja walilodhani limemaliza mjadala. Hemedi akitengeneza gari la mbao hukaa saa mbili, anachonga gurudumu, anajaribu, anachonga tena. "Mbona hapo anatulia? Huyo ni jeuri tu."

Nami niliwaza hivyo, mpaka nilipoelezwa. Mtoto wa namna hii anao umakini. Anachokosa ni usukani wake. Gurudumu linamlipa papo hapo: akisukuma, linazunguka. Hesabu za kugawanya zinalipa wiki ijayo kwenye mtihani, na wiki ijayo kwake ni nchi ya mbali. Ubongo wake unachelewa kukomaa katika sehemu ile inayomwambia mtu ngoja kwanza, hilo halafu. Anajua chumvi ilipo na anajua lori ni hatari. Ujuzi huo humjia akiwa tayari ananing'inia.

Kwa hiyo mtoto huyu huumia zaidi ya wenzake, na kwetu hakuna kuanguka kudogo. Milima yetu haisamehi. Ukisimama Irente ukatazama nyika ya Mkomazi huko chini, utaelewa kwa nini nilikuwa siwezi kulala mchana.

Lushoto si mji usiojua ulemavu. Irente pana shule ya wasioona, na pana shule ya Rainbow ya watoto wenye ulemavu wa akili. Magamba kilianzishwa chuo kikuu mwaka 2007 kwa jina la Askofu Sebastian Kolowa, kikaandaa walimu wa elimu maalumu. Tumezoea kumpisha mtoto mwenye fimbo nyeupe. Wangu hana fimbo. Anakimbia kuliko wote, anaongea kuliko wote, hivyo kila anayemwona anadhani haumwi popote. Wasichana wenye hali hii wana bahati mbaya zaidi, maana wengi wao hawaruki wala hawapigi kelele. Wamekaa kimya wanaangalia dirishani, ripoti inasema "mzembe", na hakuna anayewapeleka kwa daktari.

Mbolea mara 23

Darasa lake la pili lilikuwa na watoto zaidi ya 90. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Hemedi alikaa nyuma kabisa, dirishani, watano kwenye dawati moja. Muhula ule niliandika siku 23 alizorudi na alama za fimbo.

Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe kwa kosa kubwa, na mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, tena viandikwe kitabuni. Ningeweza kwenda na kanuni hizo mkononi. Mume wangu alitaka twende na polisi. Nilikwenda na daftari na fungu la karoti.

"Mwalimu," nikamwambia mwalimu mkuu, "mkulima akiweka mbolea mara 23 na karoti isiote, atabadili karoti au atabadili mbolea?"

Alicheka. Kisha akalisoma daftari, ukurasa baada ya ukurasa, asicheke tena. Akasema mwalimu wa darasa hana ubaya, amechoka, na watoto 90 wangemchosha hata malaika. Nilijua ni kweli. Sikuomba mengi. Niliomba Hemedi akae mbele, mbali na dirisha. Niliomba awe wa kufuta ubao na kuchukua chaki ofisini, ili miguu yake ipate safari za halali. Na niliomba akipewa hesabu 10, apewe kwanza tano, zisahihishwe, ndipo apewe tano nyingine.

Hayo matatu hayakumgharimu mwalimu hata shilingi. Muhula uliofuata nilihesabu siku 6.

Madrasa nako kulikuwa na mtu aliyetangulia kuelewa bila kusoma popote. Ustadhi wake, mzee sana, alikuwa amemruhusu kuhifadhi sura huku anatembea barazani, kwenda na kurudi. Nilipomuuliza kwa nini, akajibu, "Akikaa, anasoma matako. Akitembea, anasoma yeye."

Matuta

Baba mkwe wangu ana shamba mteremkoni ambako ukidondosha kiazi unakiokota bondeni. Alikuwa kijana wakati serikali ya kikoloni, katika miaka ya 1950, ilipowalazimisha watu wa Usambara kulima matuta kuzuia mmomonyoko. Asiyelima alishtakiwa. Watu walichukia, wakagoma, na mpango wote ukafa kabla ya Uhuru. Miaka ya 1980 ukaja mradi wa SECAP, ukafanya kazi na wakulima wenyewe, kwa majani ya Guatemala kwenye kingo na lishe ya ng'ombe juu yake. Leo matuta tunayatunza kwa hiari, kwa sababu tumeona yanashika nini.

Jioni moja alinikuta namfokea Hemedi. Akaningoja nimalize. "Mkwe," akasema, "maji ya mlimani umeona nani anayachapa? Yanajengewa."

Tangu siku ile sikumtafutia mwanangu fimbo nyingine. Nilimjengea. Matuta yetu ni haya.

Agizo ni moja, fupi, na halitolewi kwa kupiga kelele kutoka jikoni. Ninamfuata, namgusa bega, anitazame, nasema, naye anarudia: "Chumvi." Likiisha hilo, ndipo la pili.

Tuzo haingoji. Tuna kopo la maziwa na punje za maharage. Kazi ikikamilika, punje inaingia kopo likalia, hapo hapo. Punje 20 ni safari ya kwenda Mombo na baba yake, ndani ya Canter, mbele. Mwanzoni nilitaka punje 100. Nilikuwa nampa tuzo ya mtoto mwingine.

Siku ina umbo moja. Akiamka ni maji, chai, sare. Akirudi ni chakula, kisha dakika 10 za daftari, kisha kukata majani ya ng'ombe, kisha dakika 10 nyingine. Kazi ya mwili baina ya masomo tuliona kwamba inamrudisha akiwa mpole kuliko kumkalisha saa nzima.

Kosa lina malipo madogo, ya haraka, yanayojulikana mapema. Akimwaga maji, anakwenda kuteka tena. Sitamki habari ya juzi.

Na dada yake ana zamu yake. Nilikawia kuliona hili. Zuhura, ambalo nalo si jina lake halisi, alikuwa mtoto mwema asiyesumbua mtu, na kwa sababu hiyo hakuna aliyemwangalia. Siku moja aliniuliza kama naye akipanda lori nitampigia simu. Sasa kila siku ya gulio tunakwenda sokoni sisi wawili tu.

Matuta hubomoka. Mvua za masika zikipita, unapanda tena na jembe. Kuna wiki kopo halilii hata mara moja. Kuna siku nimempiga tena, nikamwomba radhi, jambo ambalo mama yangu mzazi angelishangaa.

Habari ya dawa

Wapo watakaouliza: kwani haina dawa? Ipo, na kwa watoto wengi wa umri wa shule inasaidia. Haiponyi, humpa mtoto saa chache za usukani. Inayotumika zaidi ilitengenezwa mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, Basel, akaiita Ritalin kwa jina la mkewe, Marguerite, aliyemwita Rita. Ni dawa inayodhibitiwa, inataka daktari anayejua kipimo na kumfuatilia mtoto hamu ya kula, usingizi na mapigo ya moyo. Maombi ya kuiingiza katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yalikataliwa mwaka 2019, na tena 2021. Kwenye zahanati ya kijijini usiitafute. Daktari wetu alisema tuanze na matuta, na kama hayatoshi tutaizungumza. Mzazi atakayeambiwa mwanawe anaihitaji asione ameshindwa. Kuna miteremko ambayo matuta peke yake hayatoshi.

Baba mkwe anapenda kumsimulia Hemedi habari za Mbegha, yule mwindaji wa nguruwe aliyetoka Ungulu. Alizaliwa kigego, meno ya juu yakatangulia, ndugu wakamwona ni mkosi, wakamnyima urithi. Akaja Usambara na mbwa wake, akagawa nyama, watu wakamfanya mfalme, ukoo wa Wakilindi ukaanzia hapo. Abdallah bin Hemedi aliyaandika hayo katika Habari za Wakilindi. Mzee akifika kwenye nguruwe, mjukuu hapepesi jicho.

Mimi simtakii ufalme. Nataka amalize shule, ajue kuvuka barabara, na apate rafiki mmoja atakayemngoja. Sasa ana miaka 13. Funguo anazipoteza kama baba yake, lakini anajua jina la kinachomsumbua, na mtoto akimtajia Lutindi humjibu kwamba kule hutibiwa watu, yeye anatibiwa nyumbani.

Juzi nilimtuma chumvi. Dakika 10 zikawa 50. Nilikuwa nimeshasimama njiani nilipomwona anapanda, ndala moja mguuni, nyingine sijui iko wapi, chenji haipo, na maelezo marefu ya mbwa na baiskeli. Nilinyoosha mkono, akaniwekea pakiti. Nikaingia ndani nikafungua daftari, nikaandika tarehe, na mbele yake: Chumvi. Imefika.